Ukuta, Mwambie Mkwe Wangu

Watu wa Korogwe wananiita mwanzilishi. Wakipita na wageni mbele ya lile duka karibu na stesheni husema, "Hili lilijengwa na mzee yule pamoja na shemeji zake, na mpaka leo ukoo mzima ni mafundi." Mimi hukaa kimya, maana sifa ni tamu hata kama si zako zote. Lakini juzi mjukuu wangu aliniudhi. Aliniuliza kwa nini nyumba nyingi nilizojenga zina mlango penye pembe, pale kuta mbili zinapokutana, kana kwamba nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimevaa gunia. Kwa hiyo nitaeleza, na asiyependa aende zake.

Enzi za Mdachi, reli ilipofika Korogwe, nilitoka Handeni kwa miguu kwenda kubeba mawe ya stesheni. Bwana mkubwa aliyetusimamia alikuwa mtu mwekundu mwenye hasira kunishinda hata mimi, na hilo si jambo dogo. Siku moja fundi mmoja alikuwa hayupo, na kazi ya ukuta ikawa imesimama. Bwana mkubwa akapiga kelele, akanitupia mwiko wa kujengea. Nadhani alikusudia kunipasua kichwa, lakini niliudaka. Basi nikawa fundi.

Hapo nilijifunza kuchoma tofali, kuvuta kamba, na kuning'iniza timazi, kile kipande cha chuma kwenye uzi kinachokuonyesha kama ukuta umesimama wima au umeinama. Nilikipenda kuliko watu wengi niliowajua. Kinasema kweli na hakipayuki.

Mke wangu nilimpata Sindeni. Kwetu wakati ule kijana akioa alikaa kwanza kwa wakwe akiwafanyia kazi, na kazi yenyewe ilikuwa jembe. Wenzangu walilima wakamaliza, wakaenda zao na wake zao. Mimi mdomo wangu ulinitangulia. Siku ya kuulizwa nitafanya kazi gani, nilisimama mbele ya ukoo wa watu nikasema silimi, nitamjengea mama mkwe nyumba ya tofali yenye pembe nne kama stesheni ya Korogwe. Sindeni yote ilikuwa bado ina misonge, zile nyumba za mviringo. Watu wakaguna. Baba mkwe akasema vema, na siku mama mkwe atakapolala ndani ya nyumba hiyo, ndiyo siku nitakayomchukua mke wangu kwenda Korogwe. Kabla ya hapo tutalala katika kibanda nyuma ya zizi la mbuzi.

Katika majigambo yale nilisahau jambo moja. Mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, wala hawasemezani. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini, na kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, wa kuingia porini ni wewe. Wakionana uso kwa uso ni aibu nzito, na wazee wanaweza kuivunja ndoa. Mwalimu wa Kurani pale kijijini alisema dini haina neno, mama mkwe ni kama mama. Wazee wakamjibu kwamba dini wanaijua, na desturi pia wanaijua, na yeye aendelee na wanafunzi wake.

Kwa hiyo nilikuwa namjengea nyumba mtu ambaye sijawahi kumwona. Nilimjua kwa sauti tu. Sauti yake ilikuwa ikitoka jikoni inafika mpaka kisimani, na mimi nikaamini huyu ni mtu wa miraba minne. Nikaazimia kumpa mlango mpana.

Maagizo yake niliyapata kupitia kwa mke wangu, aliyekuwa akienda na kurudi kati ya jiko na ukuta.

"Mama anasema dirisha hilo dogo."

Nikalipanua.

"Mama anasema sasa limekuwa kubwa, mbuzi atapita."

Nikalipunguza.

"Mama anasema afadhali lile la kwanza."

"Hayo ni ya mama au ni yako?"

"Hayo yangu," mke wangu akasema. "Mama amelala."

Kwa hasira nikaliziba dirisha lote. Sikuwa na dirisha jingine, na sikutaka kuwa nalo.

Lakini dirisha lilikuwa mchezo. Vita vilikuwa vya mlango. Baba mkwe alitaka mlango utazame njia ya kwenda Handeni, ili akikaa kizingitini aone kila apitaye na apate shikamoo zake. Mama mkwe alitaka utazame jikoni, maana yeye ndiye atakayetoka na kuingia na vyungu, na shikamoo hazipikwi. Mke wangu alileta neno la huyu, akapeleka neno la yule, na kila lilipopita kwake lilinenepa kidogo. Nikaona busara ni kujenga kuta zote kwanza, na wakikubaliana nitatoboa mlango. Mtu mwenye akili zake hajengi nyumba isiyo na mlango. Lakini mtu mwenye akili zake hajigambi mbele ya wakwe.

Kuta zikapanda, zikapita kichwa changu. Nilikuwa naingia kwa ngazi ya miti. Naipanda nje, nakaa juu ya ukuta, naivuta, naishusha ndani. Watu walikuja kutazama. Mmoja aliuliza kama ni tanuri. Mwingine alisema ni jela, Wadachi wamenituma. Baba mkwe, aliyependa methali kuliko ugali, alikuwa akizunguka na fimbo yake akisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

"Baba," nikamwambia, "mimi ni fundi. Kujenga ukuta ndiyo kazi yangu."

Hakucheka. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima ya Usambara, na kuta zangu hazina paa, tofali zimeshikwa kwa udongo mtupu. Wakati huohuo kukaja habari kutoka Korogwe kwamba Mhindi mmoja mwenye duka anatafuta fundi, na hatangoja. Asubuhi moja baba mkwe akanisimamisha mbele ya shemeji zangu. Akasema mvua ikinyesha kuta zikaanguka, basi tena, nimeshindwa kazi ya ukwe. Nitakwenda Korogwe peke yangu, na binti yake atabaki nyumbani kwao. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja bei ya mahindi, na hapo nikajua hatanii.

Mke wangu alikuwa amesimama penye zizi, amesikia yote. Hakuongeza neno. Huyo ni mtu aliyeongeza neno hata kwenye salamu.

Shemeji zangu wakaenda kukata nyasi za paa. Nikamwambia mke wangu naenda Segera kutafuta fito. Sikwenda. Nilizunguka nyuma, nikapanda ngazi, nikaivuta, nikaishusha ndani, nikakaa nyuma ya rundo la tofali. Nilikuwa na shughuli yangu pale. Shughuli gani, si lazima mjue sasa.

Nilikuwa katikati ya shughuli hiyo nikasikia ngazi inalia, kisha ikavunjika, kisha kitu kikaanguka ndani ya shimo langu la kukandia udongo, na sauti ninayoijua ikasema, "Mama wee!"

Alikuwa mama mkwe. Nje nilikuwa nimepanga tofali kwa ngazi ngazi, akapanda hapo mpaka juu ya ukuta, akashuka kwa ngazi yangu, nayo ikamshinda. Nilijua mara moja. Alikuwa ameambiwa niko Segera, akaja kukagua.

Sikutazama. Mbele yangu palikuwa na gunia la kubebea mchanga. Nikalivaa kichwani mpaka mabegani, nikageukia ukuta. Mchanga ukaniingia masikioni. Nikasikia naye anahangaika na kaniki yake, anajifunika, anageukia ukuta wake. Tukakaa hivyo, migongo ikitazamana, ndani ya nyumba isiyo na mlango wala dirisha, na ngazi imekwisha kuwa kuni.

Tungesemaje? Mjumbe wetu alikuwa kisimani. Nilijaribu kukohoa kwa heshima. Naye akakohoa. Mwishowe akaanza kusema, lakini si na mimi.

"Ukuta," akasema, "mwambie mkwe wangu aache kukohoa, atoboe mlango."

Nikafikiri. Sikuona kosa. Nikamjibu kwa njia hiyohiyo. "Ukuta, mwambie mama mkwe wangu nitoboe upande gani?"

"Ukuta, mwambie nilisema jikoni tangu mahindi hayajapandwa."

Nikapapasa nikapata sururu. Kupiga ukuta ukiwa umevaa gunia ni kazi ya kipuuzi, lakini udongo ulikuwa haujashika sana, na tofali moja likatoka. Hapo baba mkwe akawa amesikia vishindo, akaja mbio nje.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, baba."

"Hukwenda Segera?"

"Sikwenda."

"Unatoboa upande gani?"

"Wa jikoni, baba."

"Koma! Upande wa njia!"

"Ukuta," mama mkwe akasema nyuma yangu, kwa sauti ile inayofika kisimani, "mwambie mzee huyo akitaka mlango wa njiani akalale njiani."

Baba mkwe akagonga ukuta kwa fimbo. "Huyo ni nani humo ndani?"

Sasa hapo ndipo pabaya. Nikasikia watu wanakusanyika, shemeji zangu wanatupa nyasi chini, mke wangu anaweka mtungi. Kila mtu alijua maana yake. Mtu na mama mkwe wake wamefungiwa chumba kimoja mchana kweupe. Nikasema nimevaa gunia. Hakuna aliyesikia. Baba mkwe alikuwa anagonga kwa fimbo upande wa njia akisema hapa, hapa, na mama mkwe anaupigia kelele ukuta wa jikoni, na mimi katikati sioni kitu. Nikipiga sururu kulia, huyu analia. Nikipiga kushoto, yule analaani. Nilikuwa na hasira ya kutosha kubomoa boma la Handeni. Nikapiga katikati.

Katikati palikuwa penye pembe. Fundi yeyote atakuambia pembe haiguswi, ndiyo inayoshika nyumba. Nilijua. Nikapiga tu. Zikaanguka tofali, kukatimka kuku, na baba mkwe akaruka kama kijana. Nikatoka mimi, gunia kichwani, mweupe kwa vumbi, sururu mkononi. Watoto walikimbia. Mwalimu wa Kurani, aliyekuwa amekuja kusuluhisha, naye alikimbia, na mpaka alipofariki alisema alikuwa anawafuata watoto. Nikaendelea kwenda mbele mpaka nikagonga zizi, nikakaa chini.

Nyuma yangu mama mkwe akatoka amejifunika kaniki gubigubi, akasimama, akasikika akisema, "Hapa jikoni panaonekana."

"Na njia inaonekana," baba mkwe akasema kwa shingo upande.

Mlango ukawa umepatikana. Lakini wazee walikuwa hawajasema. Walikuja jioni ileile wakakaa juu ya tofali zangu, wakaniita kwanza.

"Ulimwona uso?"

"Niliona gunia."

"Mlisemezana?"

"Kila mtu alisema na ukuta."

Likawa shauri. Mzee mmoja alisema ukuta si mjumbe, hauna miguu. Mwingine akasema mjumbe hahitaji miguu kama wanaotumiana wako chumba kimoja. Wa tatu akasema ukuta ni mjumbe bora kuliko binti yule, maana hauongezi chumvi. Mke wangu alisikia, akatazama pembeni. Walibishana hivyo muda mrefu, lakini mimi nilijua la ukuta ni porojo. Neno lenyewe lilikuwa moja, kama tumeonana uso, na aliyebaki kuulizwa ni mama mkwe.

Wakaenda kumwuliza jikoni. Walirudi polepole. Mkubwa wao akasema ameapa kwamba uso wangu hakuuona.

Nikapumua mpaka gunia, ambalo nilikuwa bado nalo shingoni, likapanda na kushuka.

Tuliweka nguzo ya mti mgumu kubeba pembe ile, shemeji zangu wakaezeka kwa nyasi, na mvua ilipokuja ilikuta nyumba ina kofia. Mama mkwe akalala ndani. Asubuhi mke wangu akaja na neno lake kwamba nyumba mbaya, lakini joto. Tukafunga mizigo siku hiyohiyo kabla hajabadili mawazo.

Korogwe, Mhindi wa duka alikuwa bado anangoja, akinung'unika. Kiwanja chake kilikuwa njia panda, na alikuwa hajui mlango autazamishe njia ipi asipoteze wateja wa nyingine. Nikamwambia kuna mtindo mpya. Sikumwambia ulivumbuliwa vipi. Nikamjengea mlango penye pembe, na nguzo yake, akafurahi hata akanikaribisha chai. Baada ya hapo kila mwenye duka alitaka pembe. Nikawaita shemeji zangu kutoka Sindeni, na shemeji zangu wakaja na mama yao.

Sikumwalika. Alisema wanawe hawawezi kuachiwa mtu anayevunja pembe. Basi ikawa hivyo miaka yote. Mimi ninajenga nikitazama mbele, yeye amekaa nyuma yangu chini ya kaniki, na ukuta uko kati yetu unapokea maagizo. "Ukuta, mwambie udongo huo umelowa mno." "Ukuta, mwambie mama nimejenga tangu Mdachi hajajua njia ya Mombo." "Ukuta, mwambie kwa hiyo amekosea muda mrefu." Wenye nyumba walimwogopa. Mkulima mmoja wa Kizungu kule Vugiri alirudi shambani akakuta mlango penye pembe ambao hakuuomba, akafoka kwa Kidachi hata ukungu ukasogea. Mama mkwe akauambia ukuta umwambie ale kwanza. Sijui ukuta ulimwambiaje, lakini alikula viazi vyetu, na mlango ukabaki.

Muda si mrefu kabla ya vita vya Mdachi na Mwingereza, mama mkwe alirudi Sindeni akaugua. Tukaitwa. Nilifika nikakaa nje, mgongo ukutani, kama kawaida yetu. Mke wangu alikuwa ameingia jikoni kuchemsha uji. Nikasikia sauti ileile, ila sasa ilikuwa haifiki hata uani.

"Ukuta, mwambie mkwe wangu gunia lile alilivaa amechelewa."

Nikabandika sikio ukutani.

"Nilipofika juu ya ukuta nilikuona," akasema, na ukuta akauacha, akasema na mimi. "Ulikuwa nyuma ya tofali unalia."

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa shughuli yangu. Sijawahi kumwambia mtu. Nililia kwa sababu nilimpenda mke wangu na nilikuwa naelekea kumpoteza kwa ajili ya mlango.

"Ningerudi kimya kimya," akasema. "Nikawaza, mwanamume anayemlilia binti yangu namna ile, nimwache aende peke yake? Nikashuka nikuambie utoboe popote, hata upande anaoutaka baba yao. Ngazi yako ikavunjika, na kwa hasira nikarudia neno langu la jikoni. Fundi mzima, na ngazi kama ile."

"Lakini uliwaapia wazee," nikasema, nami nikausahau ukuta.

"Waliniuliza kama niliuona uso. Kulikuwa na kamasi mpaka kidevuni. Uso uko wapi?" Akacheka, akakohoa. "Ingia."

Mkono wangu ukaenda kutafuta gunia. Hapakuwa na gunia.

"Ingia hivyohivyo," akasema.

Nikaingia. Mlango ule niliupanua kwa ajili ya mtu wa miraba minne, na juu ya kitanda alikuwa amelala mwanamke mdogo, mfupi kuliko binti yake, ambaye angepita pale na wenzake watatu wameshikana mikono. Macho yake yalikuwa ya mke wangu kabisa. Sikujua miguu niiweke wapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama kwa muda. "Umezeeka. Na sakafu yako ina ufa, pale chini ya nguzo. Tangu masika yaliyopita. Huoni?"

Kesho yake asubuhi nilikoroga udongo, nikapiga magoti mbele yake bila kujifunika, nikaziba. Aliniambia maji yamezidi. Nikamwambia hayajazidi. Alisema kweli, yalizidi, na udongo ule ulikuwa bado haujakauka siku tuliyomtoa kwenda kumzika. Mimi nilishika jeneza mbele. Mlango ulikuwa mpana, hatukugusa ukuta.